Uzito wa Mwanasesere

Mwanasesere mwenye umbo la mtoto mchanga ni mgeni katika historia ya vitu vya kuchezea, ingawa mwanasesere mwenyewe ni wa kale mno. Yule wa pembe za ndovu aliyefukuliwa mjini Roma mwaka 1889 katika jeneza la msichana Crepereia Tryphaena, aliyeishi katika karne ya 2 baada ya Kristo, ana viungo vinavyokunjika vizuri, lakini umbo lake ni la mwanamke mzima mwenye nyonga pana na nywele zilizotengenezwa kwa mtindo wa mabibi wa zama zake. Hivyo ndivyo walivyokuwa wanasesere wengi wa Ulaya hadi katikati ya karne ya 19, kwa kuwa binti aliyepewa mwanasesere alikuwa akionyeshwa atakavyokuwa kesho, wala si atakachokibeba. Kumpa mtoto mfano wa mtoto, ili ambembeleze, ambadilishe nepi na kumlaza, ni wazo lililozuka karibu sana na nyakati zetu, na tangu lizuke halijaacha kuwasumbua mafundi, wafanyabiashara, madaktari na hata watunga sheria.

Ni rahisi kuieleza historia hiyo kwa kutazama uso: macho ya kioo yalipoingia, kope ziliposhonwa, ngozi ilipopata rangi ya ngozi. Lakini mafundi waliofika mbali zaidi katika kazi hii walihangaika na jambo ambalo haliwezi kuonekana katika picha hata moja, nalo ni uzito. Jicho hudanganyika upesi na upesi hugutuka. Mkono uliowahi kupakata mtoto ndio unaojua kilo 3 za kiumbe kisichoweza kujishikilia shingo zinavyolala kwenye kiwiko, na ndio ulio mgumu zaidi kuridhishwa.

Kabla mtoto wa bandia hajaingia katika chumba cha kuchezea, alikuwa amekwisha kuingia darasani. Mwaka 1759 Mfalme Louis wa 15 wa Ufaransa alimwagiza mkunga wa Paris, Angélique du Coudray, azunguke mikoani kuwafundisha wanawake wa vijijini kazi ya uzalishaji, kwa sababu vifo vya watoto na wazazi vilikuwa vikiutia wasiwasi utawala uliohitaji raia na askari. Mkunga huyo alibeba kifaa alichokiita mashine, yaani kiwiliwili cha mwanamke kilichoshonwa kwa kitambaa na ngozi, pamoja na mwanasesere wa kitambaa mwenye ukubwa wa mtoto anayezaliwa, mwenye kitovu chake, viungo vinavyopinda na mdomo ulioachwa wazi ili mwanafunzi aweze kuingiza vidole na kujizoeza kumtoa mtoto aliyetanguliza miguu. Kwa muda wa karibu robo karne maelfu ya wanawake, wengi wao wasiojua kusoma, walijifunza kwa mikono yao kile ambacho vitabu vya madaktari visingeweza kuwafikishia. Kifaa kimoja cha aina hiyo kimehifadhiwa hadi leo katika jumba la makumbusho la mjini Rouen, na anayekitazama hawezi kusema kwamba kile kitoto cha nguo kina uso wa kuvutia. Uhalisia wake umo mahali pengine kabisa: katika namna kinavyopinda, kinavyonasa na kinavyotoka.

Uzuri wa uso ulikuja na nta. Katika Maonyesho Makuu ya London ya mwaka 1851, Augusta Montanari aliwaonyesha watazamaji wanasesere wa nta wa umri mbalimbali, wakiwamo watoto wachanga, na pamoja na familia ya Pierotti, iliyokuwa na asili ya Italia, akina Montanari waliifanya London kuwa makao ya ufundi huo. Nta iliyoyeyushwa ilimiminwa katika kalibu, ikaachwa igande ukutani mwa kalibu kwa unene uliotakiwa, kisha iliyobaki ndani ikamwagwa. Baada ya hapo nywele zilipandikizwa moja moja au vifungu vidogo vidogo kwa ncha ya chuma. Nta hupitisha nuru kidogo kama ngozi ya binadamu, na kwa sifa hiyo hakuna malighafi ya karne ile iliyoishinda, lakini pia ilipasuka kwa baridi na kulegea kwa moto, na bei yake iliifanya kuwa anasa ya nyumba za wachache. Mtoto wa tajiri aliyemlaza mwanasesere wake karibu na meko alijifunza somo la kifo mapema kuliko wazazi wake walivyokusudia.

Wajerumani walileta kaure, yaani udongo mweupe uliochomwa, ambao ukiachwa bila kung'arishwa hupata uso uliofifia kama wa ngozi. Viwanda vya mkoa wa Thuringia viliwalisha watoto wa Ulaya na Marekani vichwa vya wanasesere kwa miongo mingi, na mwaka 1909 kampuni ya Kämmer & Reinhardt ilitoa kalibu yake iliyopewa namba 100, mtoto mwenye upara, paji pana na mdomo uliofunguka nusu, ambaye watu walimwita mtoto wa Kaisari kwa kuamini kwamba sura yake ilichukuliwa kwa mwana wa mtawala wa Ujerumani. Kilichokuwa kipya hapo hakikuwa malighafi bali ujasiri wa kuuza sura isiyo nzuri. Mtoto halisi, hasa katika siku zake za kwanza, hana mashavu ya malaika, na kiwanda kilichothubutu kulisema hilo kwa kaure kilikuwa kimevuka mpaka.

Hata hivyo, aliyeuelewa uzito kuliko wote alikuwa mwanamke ambaye hakuanza kama fundi. Mwaka 1905 binti wa Käthe Kruse alitaka mwanasesere wa kumlea kama mama yake alivyomlea mdogo wake, na baba yake, mchongaji sanamu Max Kruse, alikataa kununua wanasesere wa madukani aliowaona kuwa baridi na wagumu, akamwandikia mkewe ajitengenezee mwenyewe. Käthe Kruse alijaza mchanga katika taulo, akafunga pembe zake kuwa mikono na miguu, na kichwa akakifanya kwa kiazi. Kiazi, bila shaka, hakikudumu, mchanga ulidumu. Miaka 20 baadaye, karakana yake ya Bad Kösen, ambayo wakati huo ilikuwa na jina kubwa, ilitoa mwanasesere aliyelala aliyeitwa Träumerchen, maana yake mwotaji mdogo, na mwenzake wa macho wazi aliyeitwa Du Mein. Wote wawili walijazwa mchanga hadi kufikia takriban kilo 2.5, na kichwa kikaachwa kilegee, ili yeyote anayewainua bila kuweka kiganja chini ya kisogo aone kichwa kikidondoka nyuma. Walitumika katika kuwafundisha mama watarajiwa malezi ya mtoto mchanga, na kwa hiyo kile alichokianza du Coudray kwa ajili ya wakunga, Kruse alikifikisha kwa wazazi wenyewe, bila kukitoa mikononi mwa watoto.

Upande wa pili wa Atlantiki, mchongaji Grace Storey Putnam alimtafuta mtoto mwenye sura aliyoitaka hadi alipompata, akiwa na siku 3 tu tangu azaliwe, katika hospitali ya Jeshi la Wokovu mjini Los Angeles. Sanamu aliyoifinyanga kutokana naye ikawa mwanasesere Bye-Lo, aliyeuzwa sana katika miaka ya 1920 hata akabandikwa jina la mtoto wa dola milioni. Kampuni ya Effanbee ikafuata mwaka 1934 na Dy-Dee, aliyekunywa maji kwa chupa na kulowesha nepi, na baada ya Vita vya Pili vya Dunia plastiki laini ya vinili, inayomiminika katika kalibu na kutoa kila mkunjo wa kidole, ikawashusha bei wanasesere wa namna hiyo hadi wakafika katika nyumba za kawaida. Kuanzia hapo ushindani wa viwanda ulihamia kwenye vitendo, yaani nani analia machozi, nani anacheua, nani anatambaa, na mengi ya hayo ni vichekesho vya kiufundi visivyostahili kurasa nyingi.

Linalostahili kurasa ni swali la mtoto wa nani aliyekuwa akiigwa. Wanasaikolojia Kenneth na Mamie Clark, mume na mke, walipofanya uchunguzi wao miongoni mwa watoto 253 wenye asili ya Afrika nchini Marekani, ambao matokeo yake yalichapishwa mwaka 1947, walitumia wanasesere wanne waliovishwa nepi tu, wawili wa rangi ya kahawia na wawili weupe, ambao, mbali na rangi ya ngozi na ya nywele, walikuwa sawa. Karibu theluthi mbili ya watoto hao walipoulizwa wangependa kucheza na yupi walimchagua mweupe, na ushahidi wa kazi ya akina Clark ukawa miongoni mwa yaliyotajwa katika hukumu ya Mahakama Kuu ya Marekani ya mwaka 1954 iliyoharamisha ubaguzi wa rangi katika shule za umma. Jambo ambalo husahauliwa ni kwamba usawa wa wale wanasesere, ambao kitaalamu ndio uliolipa jaribio nguvu, ulikuwa pia kielelezo cha soko la wakati huo: mwanasesere mweusi mara nyingi alikuwa mweupe aliyepakwa rangi nyingine, na nyuma ya rangi hiyo uso haukuwa wa mtoto yeyote wa Kiafrika.

Sara Lee Creech, mwanamke mzungu wa Florida, alijaribu kulirekebisha hilo kwa mwanasesere aliyetolewa na kampuni ya Ideal mwaka 1951, ambaye uso wake ulifinyangwa na mchongaji Sheila Burlingame kutokana na picha nyingi za watoto weusi, na ambaye uteuzi wa rangi ya ngozi yake ulifanyika katika hafla iliyoandaliwa na Eleanor Roosevelt. Biashara yake haikudumu zaidi ya miaka michache. Jaribio lililoacha alama zaidi lilianzia Los Angeles, katika mitaa iliyoteketea kwa ghasia za Watts za mwaka 1965, ambako Louis Smith na Robert Hall, viongozi wa shirika la kijamii la Operation Bootstrap, walianzisha mwaka 1968 kiwanda kilichomilikiwa na wakazi wenyewe kwa msaada wa fedha na utaalamu wa kampuni ya Mattel. Kiwanda hicho walikiita Shindana.

Msomaji wa Kiswahili hana budi kusimama hapo kidogo. Vitabu vya Marekani huieleza Shindana kuwa ni neno la Kiswahili lenye maana ya mshindani, hali kila mzungumzaji wa lugha hii anasikia kitu kingine: kitenzi kilichoachwa uchi, ambacho hakimtaji mtu bali kinamwamuru. Kosa hilo, kama ni kosa, liliwafaa kuliko usahihi ungewafaa. Ilikuwa ni miaka ambayo Wamarekani weusi wengi walikigeukia Kiswahili kama lugha ya bara lisilogawanyika makabila, na mjini Los Angeles humo humo sikukuu ya Kwanzaa ilikuwa imebuniwa mwaka 1966. Kwa hiyo wanasesere wa Shindana nao wakaitwa Tamu, Zuri na Malaika, na majina ambayo mwambao wa Afrika Mashariki huwapa mabinti au huyatumia katika mapenzi yakabandikwa kwenye maboksi ya madukani Marekani. Wa kwanza wao, Baby Nancy, alikuwa mtoto mchanga, mwenye pua, midomo na mashavu yaliyofinyangwa kwa mfano wa watoto wa mtaa uliomtengeneza, na baadaye nywele zake nazo zikatolewa katika mtindo wa asili wa Kiafrika. Kiwanda kilifungwa mwaka 1983, lakini mwaka 2020 Baby Nancy aliingizwa katika Ukumbi wa Taifa wa Heshima ya Vitu vya Kuchezea huko Rochester, New York. Katika historia nzima ya uhalisia, hapa ndipo neno hilo lilipotakiwa kujibu swali gumu kuliko la kope na kucha.

Katika miaka ya 1990, tena nchini Marekani, wapenzi wa wanasesere walianza kununua watoto wa vinili wa viwandani, hasa wale wa Berenguer kutoka mji wa Onil nchini Hispania, wakawavua rangi yao yote na kuwatengeneza upya kwa mkono. Kazi hiyo iliitwa kwa jina lenye maana ya kuzaliwa upya, na wanasesere wake huitwa waliozaliwa upya. Fundi huanza kwa kupaka tabaka jepesi la rangi ya samawati, ili mishipa ionekane kana kwamba imo chini ya ngozi, kisha huongeza tabaka juu ya tabaka za rangi zilizofifia, pengine zaidi ya 10, na kila tabaka huingizwa katika tanuri lenye joto la nyuzi 130 hivi ili rangi ishike. Nywele, ambazo kwa kawaida ni manyoya ya mbuzi wa Angora, hupandikizwa moja moja kwa sindano, kama zilivyopandikizwa katika nta ya London karne moja na nusu kabla. Mwishoni huja uzito: shanga ndogo za kioo, laini kama mchanga, hugawanywa kwa mizani katika kichwa, makalio na miguu, na kichwa hupewa sehemu kubwa kuliko inavyodhaniwa, kwa sababu kisipolegea kazi yote ya tanuri imepotea. Mwanasesere wa aina hiyo huweza kugharimu mamia ya dola, na wa silikoni maelfu.

Ufundi huo ulipovuka ulingo wa wakusanyaji, jamii haikujua imweke wapi mtoto asiyekuwapo. Mwaka 2016 askari polisi wa mji wa Keene, jimbo la New Hampshire, alivunja kioo cha gari lililoegeshwa juani ili kumwokoa mtoto aliyeonekana kuzirai, akaanza kumpa huduma ya kwanza, ndipo mikono yake ilipotambua kuwa ni mwanasesere. Nchini Brazil mjadala ulipamba moto mwaka 2025, wakati video za wanawake waliowatunza wanasesere hao kama watoto zilipoenea katika mitandao. Baraza la jiji la Rio de Janeiro lilipitisha mwezi Mei siku maalumu ya kuwaenzi mafundi wa wanasesere hao, meya akaikataa mwezi uliofuata, na wakati huohuo wabunge wakawasilisha miswada ya kuwaadhibu wanaobeba mwanasesere ili kupata kipaumbele katika foleni za huduma. Ni vigumu kutoona kwamba hasira iliyoelekezwa kwa wanawake hao ilizidi sana madhara waliyoyafanya. Mtu mzima anayekusanya magari madogo ya kuchezea hajawahi kutungiwa mswada.

Hofu yenyewe, hata hivyo, ina maelezo. Mhandisi wa Kijapani Masahiro Mori aliandika mwaka 1970 kuhusu kile alichokiita bonde la mashaka: kadiri sanamu inavyofanana na binadamu ndivyo inavyopendeza, hadi ifike karibu kabisa na kufanana, ndipo mapenzi hugeuka ghafla kuwa kinyaa. Lakini bonde hilo ni la macho ya mtazamaji, si la mikono ya mbebaji. Katika nyumba za kutunzia wazee wa Ulaya na Marekani, wagonjwa wa demensia, yaani maradhi yanayoila kumbukumbu na akili, hupewa wanasesere wa watoto, na wauguzi wengi wameona wazee waliokuwa wakihangaika wakitulia pindi wanapowapakata. Wanaopinga huegemea mawazo ya mwanasaikolojia wa Uingereza Tom Kitwood, ambaye mwaka 1997 alihesabu kumghilibu mgonjwa na kumfanya mtoto kuwa miongoni mwa njia za kumvunjia utu. Pingamizi hilo ni zito, ila linamtazama zaidi anayetoa mwanasesere kuliko anayempokea, na bibi aliyelea watoto saba hahitaji kuambiwa na mtu namna ya kushika kisogo.

Pwani ya Tanzania ina ushahidi wake katika shauri hili. Wazaramo, pamoja na Wakwere, Waluguru na jirani zao, walimpa mwali, yaani binti aliyewekwa ndani baada ya kuvunja ungo, mwana hiti: kipande cha mti kilichochongwa kama mcheduara, chenye kichwa cha vishungi viwili na vifundo vidogo vya matiti, bila mikono wala miguu. Mwali alimwogesha, akampaka mafuta na kumtunza kama mtoto kwa muda wote wa kutawa kwake, huku akifundwa mambo ya unyumba na uzazi. Kwa kipimo cha Thuringia au Los Angeles mwana hiti hafanani na mtoto hata kidogo, wala hana uzito wa kutajwa. Kwa kipimo cha kazi aliyopewa, hakuna kilichopungua, kwani ulezi ulitoka kwa mwali na mafunzo yalitoka kwa kungwi, na mti ulikuwa mahali pa kuviweka.

Imani ya kinyume, kwamba mwanasesere akiwa halisi vya kutosha atafundisha peke yake, imejaribiwa na kushindwa. Tangu mwaka 1993 kampuni moja ya Marekani imekuwa ikiuza mtoto wa kielektroniki anayelia usiku na kurekodi namna alivyotunzwa, kwa kusudi la kuwatia vijana woga wa mimba za mapema. Uchunguzi uliofanywa katika shule 57 za Perth, Australia, na kuchapishwa mwaka 2016 katika jarida la Lancet, ulionyesha kuwa miongoni mwa wasichana waliopewa mtoto huyo kumlea mwishoni mwa juma, asilimia 8 walikuwa wamejifungua angalau mara moja walipofikia miaka 20, ikilinganishwa na asilimia 4 ya wasiopewa.

Mwanasesere anayefundisha vyema zaidi leo ametoka kwa mtengenezaji wa vitu vya kuchezea. Åsmund Laerdal wa Stavanger, Norway, aliuza wanasesere wa plastiki laini kabla ya kutoa, mwaka 1960, sanamu ya kujifunzia kuokoa maisha iliyoenea duniani kote, na kampuni yake ndiyo iliyobuni NeoNatalie, mtoto mchanga wa plastiki anayetumiwa katika mafunzo ya kuwasaidia watoto kupumua yaliyozinduliwa mwaka 2010 na Chuo cha Madaktari wa Watoto cha Marekani pamoja na washirika wake. Mkufunzi hubonyeza vipira vidogo ili kitovu kidunde, kifua kiinuke au mtoto alie, au huviacha ili mkunga aone mtoto asiyepumua na ajue kwamba anayo dakika 1 ya kumfuta, kumchangamsha na kumpulizia hewa kwa mfuko na kinyago. Katika hospitali 8 za Tanzania zilizofuatiliwa, vifo vya watoto katika saa 24 za kwanza vilipungua kwa asilimia 47 baada ya mafunzo hayo.

Hospitali ya Haydom, mkoani Manyara, iliongeza fundisho lisilopendeza kwa wapenda warsha: mafunzo ya siku moja yaliwafanya wakunga wawe hodari mbele ya mwanasesere, lakini wodini kazi yao haikubadilika. Mabadiliko yalikuja baada ya wanasesere kuwekwa pale pale chumba cha kujifungulia na wakunga kufanya mazoezi ya dakika chache, mara kwa mara, katikati ya zamu. NeoNatalie hana nywele, rangi yake ni ya kukisia na uso wake ni wa mistari michache. Kabla ya zoezi hujazwa lita 2 za maji ya uvuguvugu, ndipo kichwa chake kinapolala nyuma na mkunga akalazimika kukitegemeza. Zoezi likiisha maji humwagwa, naye hukunjwa na kurudishwa katika mkoba wake.